Imepokelewa Tarehe 4 Machi

Leeuwarden, 19 Januari 1987

Profesa Aldert Kamphuis,
Mhariri, Jarida la Udongo na Maji

Profesa,

Leo ni siku ya 321. Nahesabu tangu tarehe 4 Machi mwaka jana, siku ambayo katibu wako alipiga muhuri kwenye kadi ya kunijulisha kwamba muswada wangu umefika. Kadi ninayo. Tangu siku hiyo ng'ombe wa jirani yangu amepandwa, amebeba mimba siku 283, amezaa, na ndama ana wiki tano. Mimi bado sijaambiwa neno.

Kama umesahau ni muswada gani, nakukumbusha. Vigingi 41 vya chuma, nilivichimbia mwenyewe hadi kwenye mchanga mgumu, katika mashamba ya wafugaji kumi na mmoja hapa Friesland. Kila Machi kwa miaka tisa nimepita na rula na kupima udongo mweusi umeshuka kiasi gani kutoka kwenye kichwa cha kila kigingi. Jibu nililolipata linaingia kwenye sentensi moja: kila sentimita kumi unazoshusha maji mtaroni, shamba linazama milimita moja kila mwaka, wala halirudi juu. Hakuna aliyewahi kulisema hilo kwa namba.

Sina shahada, na barua zako za zamani hazijaacha kunionyesha hilo, maana wengine unawaita Dakta. Nilianza kwa kupima mafuta ya maziwa kiwandani nikiwa na miaka kumi na saba. Lakini kule kiwandani chupa ikikaa bila jibu zaidi ya siku moja, mtu alikuwa anaitwa ofisini.

Naomba jibu.

Hiske Boonstra


Wageningen, 26 Januari 1987

Mpendwa Bibi Boonstra,

Nakiri kupokea barua yako, ambayo toni yake nitaihesabu kuwa ya mtu aliyechoka kusubiri.

Kama ilivyo desturi yetu, jina lako liliondolewa, na nakala mbili kati ya tatu ulizoleta zilitumwa kwa wahakiki wawili ambao majina yao hayatajwi. Mhakiki wa kwanza alijibu mapema na kuisifu kazi. Wa pili amejibu juzi. Kwa maoni yake vipimo vya miaka tisa havitoshi. Anashauri majira matatu zaidi ya baridi. Kwa kuwa yeye ni mtu mzito sana katika fani hii, sina budi kumsikiliza.

Kwa hiyo muswada haukubaliwi kama ulivyo. Una ruhusa ya kuuleta tena ukisharekebishwa. Utaandikishwa kama muswada mpya, kwa tarehe mpya ya kupokelewa.

Narudisha nakala ya mhakiki wa kwanza. Ya mhakiki wa pili haijanirudia.

Wako katika kazi,
A. Kamphuis


Leeuwarden, 2 Februari 1987

Mwalimu wangu Hoekema,

Kaa vizuri kwenye kiti kabla hujaendelea.

Wameikataa. Siyo kuikataa kabisa, ni ile ya "nenda ukarudi". Kuna mtu mzito, hana jina, amekaa na kazi yangu karibu mwaka mzima, kisha anasema miaka tisa ni michache, niongeze mitatu. Nimesoma maoni yake mara nne. Ni ukurasa mmoja na nusu. Hakuna mahali anaposema namba ipi ina kasoro. Anasema tu "bado mapema". Mtu mwenye hoja anaonyesha kidole, Mwalimu. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo, siku ulipokuja kiwandani kutafuta mtu wa kukusaidia kusoma vipimo ukaniona nabishana na msimamizi juu ya desimali.

Hii tarehe mpya ndiyo inayonichoma. Kila makala katika jarida lile ina mstari mdogo chini ya kichwa: imepokelewa tarehe fulani. Wasomaji wa kawaida wanauruka. Sisi tunaanzia hapo. Ndio unaosema nani alitangulia. Nikikubali kuandikishwa upya, tarehe 4 Machi inafutwa, na mtu yeyote aliyenisikia nikisema juu ya vigingi kwenye mkutano anaweza kunipita.

Unamjua Kamphuis tangu mkiwa vijana. Mwandikie. Muulize mhakiki wa pili alikuwa anafanya nini kwa miezi kumi.

Mitaro imeganda. Watu wote wa Friesland wanateleza kwenye barafu kwa viatu vya vyuma, mimi niko mezani na hasira.

Hiske wako


Groningen, 11 Februari 1987

Mwanangu Hiske,

Nimekaa vizuri kama ulivyoagiza, na nimekusoma mwenyewe bila msaada. Jicho la kulia limepona kabisa tangu waliponitoa mtoto wa jicho masika iliyopita. La kushoto lingali linaona ukungu. Naandika herufi kubwa kama mtoto wa darasa la kwanza, nisamehe.

Usiniombe nimwandikie Kamphuis. Ataona kwamba mzee amekuja kumpigania mtoto wake, na itakuharibia. Mimi siku hizi sihakiki makala za mtu, niko nje ya mambo hayo. Nakushauri kitu kimoja: pima hiyo miaka mitatu. Nini miaka mitatu kwa mtu aliyepima tisa? Subira huvuta heri. Udongo hauendi popote, isipokuwa chini, kama wewe mwenyewe ulivyothibitisha.

Joost Wiarda anakusalimu. Unamkumbuka, yule msaidizi wangu wa mwisho. Sasa yuko Utrecht, ana ofisi yenye madirisha mawili.

Septemba chuo kitanifanyia sherehe ya kuniaga. Nataka wewe useme maneno machache. Si maprofesa, wewe.

Mwalimu wako,
Wiebren Hoekema


Leeuwarden, 15 Aprili 1987

Mwalimu,

Uliniambia subira huvuta heri. Ngoja ngoja nayo huumiza matumbo.

Nimeletewa toleo la robo mwaka la lile jarida la Wajerumani. Ukurasa wa 112: Wiarda, J. Sentimita kumi mtaroni, milimita moja kwa mwaka. Sheria yangu. Imepokelewa tarehe 2 Juni 1986. Hesabu: ni siku tisini kamili baada ya muhuri wangu.

Utasema watu wawili wanaweza kufikiri jambo moja. Hata mimi nilijiambia hivyo, nikapika kahawa, nikaketi na jedwali lake. Ana vigingi kumi na viwili, "vilivyopimwa na wafanyakazi wa taasisi". Vyote kumi na viwili ni vyangu. Angalau kimojawapo angekibadilisha namba kidogo. Hakuwa na hata bidii hiyo.

Na sasa sikiliza hili. Kigingi namba 27 kiko kwa Douwe Sinnema. Kimeonyesha udongo umeshuka sentimita 8.6 kwa miaka tisa. Nilipopiga jedwali kwa taipureta vidole viliteleza, nikaandika 6.8. Niligundua nikiwa nimeshatoa nakala tatu ambazo jarida linadai. Nikachukua kalamu nikasahihisha. Nakala zangu huzipa namba pembeni, moja, mbili, tatu, kama chupa za maziwa. Ya kwanza imerudi kutoka kwa Kamphuis: imesahihishwa. Jana nimempigia simu katibu wake akaangalia ile iliyobaki ofisini, ya pili: imesahihishwa. Ya tatu ndiyo ambayo haijarudi. Na kwenye makala ya Wiarda kigingi cha Sinnema kimeshuka 6.8.

Nilisahau nakala ya tatu, Mwalimu. Ni kosa langu na naliheshimu, maana limenifanyia kazi ambayo polisi wasingeweza.

Tena ona ujinga. Mtaro wa Sinnema umeshushwa karibu mita nzima. Kwa sheria hiyohiyo, 6.8 haiwezekani. Mtu aliyepima angeshtuka arudi shambani. Huyu hakushtuka. Ameandika aya nzima kueleza kwamba hapo udongo umekamatwa na "mizizi ya miti ya kale". Nikampigia Sinnema.

"Douwe, kuna mtu amekuja kupima kwako?"

"We Hiske, shambani kwangu wanaingia watu watatu. Mimi, wewe na daktari wa ng'ombe. Daktari hapimi udongo."

"Na miti ya kale je?"

"Mti wa mwisho hapa aliuona babu yangu, na babu yangu alikuwa muongo."

Kwa hiyo mhakiki wa pili ni Wiarda. Alikaa na kazi yangu, akaniambia niongeze miaka mitatu, huku ya kwake iko kwa mpiga chapa. Nimemwandikia Kamphuis leo, barua ya rejesta. Nilitaka usikie kutoka kwangu kwanza, kwa sababu alikuwa mtu wako.

Hiske


Wageningen, 24 Aprili 1987

Bibi Boonstra,

Tuhuma zako ni nzito, na ningekushauri usizirudie mbele ya watu. Naweza kukuhakikishia kwa heshima yangu yote: Dakta Wiarda hajawahi kuhakiki kwa ajili ya jarida hili. Jina lake halimo katika orodha yangu. Muswada wako haukutumwa kwake.

Jina la mhakiki wa pili sitalitaja. Usiri huo ndio unaowafanya watu waseme ukweli juu ya kazi za wenzao.

Kuhusu muswada wako, ukiuleta upya nitaushughulikia haraka. Lakini utalazimika kumtaja Dakta Wiarda kuwa ndiye aliyetangulia, kwa kuwa tarehe zinasema hivyo.

A. Kamphuis


Leeuwarden, 12 Mei 1987

Profesa Hoekema,

Hukujibu barua yangu ya tarehe 15 Aprili. Siku ishirini na saba. Kwa kawaida hujibu ndani ya tisa. Nina barua zako za miaka kumi na sita, nimezipigia wastani.

Jana nilikwenda Utrecht. Nilimngoja Wiarda kwenye korido, nje ya hayo madirisha yake mawili. Alitoka na kikombe mkononi.

"Bibi Boonstra," akasema, "umetoka mbali. Kazi za watu hufanana, ndiyo sayansi."

"Hufanana mpaka makosa ya taipureta?"

Nikamwekea nakala ya kwanza kwenye kabati la faili, kalamu yangu ikionekana juu ya kigingi namba 27, na pembeni nikafungua ukurasa wake wa 112. Alisoma muda mrefu. Nilimwona anatafuta mahali pa kuweka kikombe.

"Sikuiba," akasema. "Nilipewa karatasi zisizo na jina, nikaambiwa zisome, andika maoni. Nikaandika. Baada ya hapo kichwa cha mtu hakifungwi kwa kufuli."

"Nani alikupa?"

"Kaulize Groningen. Uliza masika iliyopita nani alikuwa anasoma kwa macho ya nani."

Nilisikia mlango wake ukifungwa. Nilisimama pale mpaka mfagiaji akaniuliza kama namtafuta mtu.

"Siku hizi sihakiki," uliniandikia. Februari.

Niandikie wewe mwenyewe. Sitaki kusikia zaidi kutoka kwenye korido.

H. Boonstra


Groningen, 17 Mei 1987

Hiske,

Ni mimi.

Kamphuis alinitumia nakala mwishoni mwa Machi mwaka jana. Jina lilikuwa limeondolewa, lakini kufikia mstari wa tatu nilikujua. Nani mwingine angeandika "nilipita na rula"? Nilipaswa kuirudisha palepale na kuandika: huyu ni mwanafunzi wangu, siwezi kumhukumu. Sikuirudisha, kwa sababu nilitaka kuisifu. Nilitaka kuwa mmoja wa watu wawili watakaosema ndiyo.

Kisha macho. Wiki ile nilikuwa siwezi kusoma hata jina la mtaa. Nilikuwa na haya. Mhakiki anayesema hawezi kusoma huondolewa kwenye orodha, na ukishaondolewa hakuna anayekuita tena. Nikampa Joost. Sote hufanya hivyo, Hiske, unajua hivyo. Wasaidizi wanasoma, sisi tunatia sahihi. Mimi mwenyewe nilimsomea profesa wangu miaka minne. Joost alikaa na karatasi zako. Nilimkumbusha mara mbili. Januari akaniletea ukurasa mmoja na nusu wa maoni, nikauliza, "Ni mazuri?" akasema, "Ni ya haki." Nikatia sahihi bila kusoma. Jicho la kulia lilikuwa limeshapona wakati huo. Ningeweza kusoma. Sikusoma.

Barua yako ya Februari ndiyo iliyonijulisha nilichotia sahihi. Nilikudanganya siku ileile, kwa barua ya herufi kubwa. Ile ya Aprili niliificha kwenye droo, nami bado naijua kwa moyo.

Niambie nifanye nini. Kama unataka nisije mbele yako tena, sitakuja. Miaka kumi na sita nimekuita mwanangu, na sikukuita kwa utani.

Wiebren Hoekema


Leeuwarden, 20 Mei 1987

Profesa Hoekema,

Nimeisoma. Sehemu ya macho nimeisoma mara mbili, na ninakuhurumia kwa hiyo sehemu tu.

Unaniambia sote hufanya hivyo. Mimi sifanyi. Nimewahi kupewa na majarida mengine makala tano nihakiki; tatu nilisoma mwenyewe hadi jedwali la mwisho, mbili nilirudisha kwa kuwa sikuyajua mambo yale. Kurudisha kulinichukua bahasha moja na stempu. Ungeirudisha, mtu mwingine angesoma, Juni ningekuwa nimepata jibu, na Wiarda angekuwa bado anasifia madirisha yake.

Usiniambie kwamba ulitaka kunisifu. Kama kazi ilistahili sifa, mgeni angeisifu, na sifa ya mgeni ndiyo niliyokuwa naitaka. Yako nilishakuwa nayo. Kule kiwandani hakuna aliyekuwa anaruhusiwa kupima maziwa ya ng'ombe wa baba yake. Msichana wa miaka kumi na saba alilielewa hilo siku ya kwanza.

Unauliza ufanye nini. Sitaki usije mbele yangu wala sitaki uje. Nataka sentensi nne kwa Kamphuis, kwa mkono wako, na nakala kwa wale Wajerumani. Sema kwamba ulipokea nakala ya tatu na ulijua ni ya nani. Sema kwamba uliitoa kwa Wiarda, utaje na mwezi. Sema kwamba ulitia sahihi maoni usiyoyasoma. Na ya nne, iliyo muhimu kuliko zote: kwamba maoni yale hayana thamani, kwa hiyo kukataliwa kwangu hakuna thamani, kwa hiyo muswada wangu haujawahi kukataliwa na tarehe yake ni 4 Machi 1986. Andika hiyo tarehe kwa tarakimu na kwa maneno.

Najua gharama yake kwako. Kamphuis atakufuta kwenye orodha. Sherehe ya Septemba pengine itakuwa ndogo. Nimelifikiria hilo, sijabadilisha kitu.

Hotuba yangu mpe mtu mwingine.

H. Boonstra


Wageningen, 29 Juni 1987

Mpendwa Bibi Boonstra,

Nimepokea kutoka kwa Profesa Hoekema barua ambayo, katika miaka yangu kumi na minane ya uhariri, sikutarajia kuisoma. Ina sentensi nne. Imeandikwa kwa herufi kubwa sana.

Makala yako itatoka katika toleo la Septemba, bila kubadilishwa, isipokuwa kigingi namba 27. Chini ya kichwa itaandikwa: Imepokelewa tarehe 4 Machi 1986. Mhariri wa jarida la Kijerumani ameniambia kwa simu kwamba atachapisha tamko la kuiondoa makala ya Dakta Wiarda. Nakuomba radhi kwa jambo moja: uliniuliza swali sahihi, nami nilikujibu kwa ukweli mwembamba. Wiarda hakuwemo kwenye orodha yangu, ni kweli, na sikujisumbua kuuliza zaidi.

Profesa Hoekema ameomba jina lake liondolewe miongoni mwa wahakiki. Nimeliondoa. Nafasi hiyo napenda uichukue wewe, kama utaridhia. Katibu wangu ameambatisha muswada wa kuanzia, unaohusu udongo kama wako. Jina la mwandishi, kama kawaida, limeondolewa.

Kwa heshima,
A. Kamphuis


Leeuwarden, 1 Julai 1987

Profesa Kamphuis,

Nimeona mstari wa tarehe. Uache hivyohivyo, usiongeze hata nukta. Nafasi ya uhakiki naikubali.

Lakini muswada huu nakurudishia na posta ya leo. Una kurasa 44. Nimesoma moja. Mwandishi anaanza kwa kusema kwamba udongo hauendi popote isipokuwa chini, na sihitaji jina ili nijue ni nani. Amepigiwa chapa na mtu mwingine, lakini pembeni amesahihisha mwenyewe, herufi kubwa. Nadhani ni kazi yake ya mwisho, na nadhani anaihitaji itoke kabla ya kuagwa chuoni Septemba.

Nina hasira naye. Ukiniuliza leo kama hesabu zake ni sawa, nitatafuta kosa mpaka nilipate, na nisipolipata nitasema miaka yake ni michache. Mimi si wa kumhukumu mtu huyu. Niandikie hivyo kwenye jalada: amekataa, anamjua mwandishi.

Mpe mtu asiyemjua, mwenye macho mazuri, na umdai jibu ndani ya wiki sita.

Hiske Boonstra